Mama Kwanza na Fundo la Utepe Mwekundu

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika kliniki yetu ya meno, muuguzi wetu mkuu anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Wagonjwa humwita Sista. Sisi tunamwita Mama Kwanza, maana hakuna jino linalotoka mbele yake kabla hajasema: kwanza tuulize.

Alianzia chumba cha nyuma, cha kuchemshia vifaa, ambacho dirisha lake halifungiki mpaka leo. Akapanda hadi chumba namba mbili, kisha akavitawala vyote. Mkono wake ni mwepesi mno. Watoto huuliza watachomwa sindano saa ngapi, kumbe wameshachomwa. Hasira zake nazo haziko mbali, hasa ukiweka kikombe cha chai kwenye trei ya vifaa. Yaliyokipata kikombe changu nayajua mwenyewe.

Lakini la kusimulia leo ni lile fundo. Baadhi ya mafaili yetu yamefungwa utepe mwekundu, kwa fundo ambalo yeye peke yake ndiye anayeliweza. Hata kompyuta zilipokuja, utepe haukubanduka.

Mwaka wake wa tisa kazini alikuja seremala mmoja, jino la chini likimuuma. Miaka mitatu nyuma alikuwa ametibiwa saratani ya koo kwa mionzi, akapona. Hatukumuuliza. Mionzi ile hupunguza damu kwenye mfupa wa taya, na kidonda kidogo cha kung'oa jino huweza kukataa kupona. Mama Kwanza alishika trei, daktari akang'oa. Fizi haikufunga. Baada ya miezi minne mfupa ukawa unaonekana, na seremala wa watu anaishi kwa vya kunywa kwa mrija.

Daktari huyo ni mimi ninayeandika. Nilianza kutafuta maneno ya kitaalamu ya kujifichia. Mama Kwanza alimwendea mgonjwa, akamshika mkono, akamwambia wazi kwamba tumekosea na tunaomba radhi. Alijiingiza kwenye kosa langu bila kuombwa, nami sijalisahau hilo.

Kila Jumanne, kwa miezi kumi na sita, alimsafisha kidonda, hadi wapasuaji walipotoa kipande cha taya kilichokufa na kupachika mfupa kutoka mguuni mwake. Siku seremala alipotafuna mkate mbele yetu, Mama Kwanza alipiga kigelegele, mgonjwa wa chumba cha pili akaruka kitini!

Tangu kosa lile, kila aliyetibiwa kwa mionzi kichwani au shingoni, faili lake hufungwa utepe. Daktari mwenye haraka zake hana budi kumwita Mama alifungue, na akija anauliza. Nimelilaani fundo hilo mara nyingi sana. Miaka ishirini na miwili, hakuna taya nyingine iliyoharibika mikononi mwetu.

Wiki iliyopita alinikalisha kwenye stuli, akanifundisha kulifunga. Nilishindwa mara sita, akacheka mpaka machozi. Ya saba likakaza.

Seremala atakuwepo Ijumaa. Ameomba jambo moja tu: mezani ziwekwe karanga, tena zile ngumu.

Asante, Mama Kwanza. Kapumzike, ulale mchana, uwachoshe wajukuu kwa maswali. Siku zako zote na ziwe njema. Zawadi yako imefungwa utepe mwekundu, na fundo nimelipiga mimi. Likikushinda, niite. Nitakuja mbio, na kwanza nitauliza.