Upepo Uliokula Rekodi ya Kerrisha

Asubuhi hiyo benchi la mbele ya duka la Miss Icilda, huko milimani Trelawny, kwenye kisiwa kidogo, lilikaa matanga. Muda mfupi tu uliopita, upande wa pili wa dunia, Kerrisha Brackett alikimbia fainali ya mita mia ya mashindano ya dunia, na saa ikaonyesha muda ambao hakuna mwanamke aliyewahi kuufikia. Benchi zima liliruka, dhumna zikamwagika chini. Kisha televisheni ya dukani ikatangaza kwamba upepo uliomsukuma mgongoni ulizidi kiwango. Rekodi haihesabiwi. Sasa wanywaji kahawa walikuwa wanaugulia, na Egbert, mkulima wa viazi vikuu na baba mzazi wa Kerrisha, alikikodolea kikombe chake kama kimemtukana.

— Tumeibiwa, alisema Profesa, kinyozi aliyepewa jina hilo kwa sababu hajawahi kukubali kwamba kuna jambo asilolijua. — Upepo gani ule? Mliona bendera ikitikisika?

— Mimi niliiona, alisema Miss Icilda kutoka dirishani.

— Wewe ulikuwa unakaanga maandazi ya dampling! Nakwambia walifungua milango ya uwanja makusudi. Nyuma yake. Milango yote!

— Milango wapi, bwana, alidakia Spaiki, aliyewahi kukimbia shuleni na mpaka leo huchechemea kila mtu anapomtazama. — Ni watazamaji. Watu elfu sitini wakipiga makofi upande mmoja, hewa inakwenda wapi?

— Inakwenda mbele, alikiri Profesa.

— Basi! Na waliowapanga kukaa pale ni akina nani? Hawa wakubwa hawawezi kuvumilia kuona kijinchi kama chetu kikichukua kila kitu.

— Mimi naona ni nywele, alisema Miss Icilda. — Zile rasta ndefu zimeshika upepo kama tanga. Angenyoa.

— Angenyoa! Spaiki alipiga paja. — Egbert, kwa nini hukumwambia anyoe?

Egbert alikohoa. Alijua wanamngoja, na hakutaka kuonekana mjinga mbele ya wenzake.

— Nilimwambia asikimbie kwa haraka vile kwenye nusu fainali, alisema. — Amewazindua hao wakubwa. La sivyo wangejuaje kama ana mbio za rekodi?

— Mnamsikia baba mtu? alisema Profesa. — Binti hakutumia akili!

— Miguu ipo, akili hamna, aliongeza Spaiki.

— Angesubiri kidogo pale kwenye vibao vya kuanzia, upepo upite, ndipo achomoke!

Egbert alicheka nao.

Gari dogo lilisimama. Akashuka nesi mgeni, aliyehamishiwa zahanati ya bondeni wiki ile, akaomba maji ya kunywa. Alizitazama nyuso zile, akavua kofia.

— Poleni jamani. Nani amefariki?

— Rekodi, mama, alisema Profesa, akamweleza kisa chote, na milango ya uwanja ndani yake.

Nesi alisikiliza mpaka mwisho.

— Masikini. Kwa hiyo huyo binti alikuwa wa ngapi?

Profesa aliinamia kikombe chake, kumbe kahawa imekwisha. Spaiki alianza kuokota dhumna.

— Wa kwanza, alisema Egbert hatimaye, polepole, kama ndiye anayepewa habari hiyo sasa hivi. — Mwanangu ni wa kwanza.

Alitoa simu mfukoni. Tangu mbio ziishe hakuwa ameigusa. Akampigia binti yake; iliita mara moja tu.

— Baba? Sauti ya Kerrisha ilikuwa ya mtu aliyelia. — Na wewe unataka kuniuliza upepo?

— Sitaki upepo mimi. Nilikuona ukiwapita wote. Nimekuona, Kerri.

Upande wa pili wa simu pua ilivutwa.

— Kweli, Baba?

— Muulize kama milango ilikuwa wazi! Profesa alipaza sauti.

— Na nywele! Muulize nywele!

— Nani huyo, Baba?

Egbert aliinuka, akawapa mgongo, akashika njia ya shambani.

— Ni redio tu, mwanangu. Nimeshaizima. Haya, nisimulie tangu mwanzo: ulipopiga magoti pale kwenye vibao, uliwaza nini?