Nora Alderson na Nyuki Walioambiwa Uongo

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu. Leo tunamkumbuka Nora Alderson, mfuga nyuki wa Keldside, aliyefariki Jumanne asubuhi kitandani kwake. Nora Alderson. Hata kama hamkumjua, mizinga yake mmeiona kwenye televisheni.

Ilikuwa kiangazi cha sabini na nne. Watu wa televisheni walikuja bondeni kwetu kuigiza ile riwaya ya zamani tuliyosomeshwa shuleni tukipiga miayo. Katika kisa hicho bwana wa shamba anakufa, na kijakazi anakwenda kuwaarifu nyuki. Ndiyo desturi yetu. Unagonga mzinga kwa ufunguo wa nyumba, unamtaja marehemu. Usipowaambia, nyuki wanahama au wanakufa.

Nora aliwaazima mizinga kwa sharti moja.

“Binti, mtaje yule wa kitabuni kwa jina lake,” alimwambia mwigizaji. “Hawa nyuki wana bwana wao, na yuko pale anakata nyasi.”

Msichana akaitikia. Kamera zikawashwa, akagonga, machozi yakamtoka kweli, na jina likamtoka kichwani. Akasema tu, “Bwana wenu amekufa.”

Mizinga yote ikanyamaza kwa pamoja.

“Rudieni!” Nora alipiga kelele.

“Mama, machozi kama yale hayapatikani mara mbili,” mwongozaji akamjibu.

Wakati huohuo Wilf, mumewe Nora, alianguka kwenye nyasi. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya majivu. Nora akampokonya msichana ufunguo, akagonga mzinga mmoja baada ya mwingine.

“Ni uongo! Wilf Alderson yuko hai! Mnanisikia? Yuko hai!”

Mvumo ukarudi, taratibu. Wilf akakaa, akatema majani. “Chai iko tayari,” akauliza, “au mpaka nife kwanza?”

Watu walicheka. Nora hakucheka. Tangu siku hiyo, kila asubuhi, mvua au theluji, alikwenda kugonga na kuwaambia nyuki kwamba Wilf yuko hai. Kila asubuhi, wasikilizaji, kwa miaka hamsini.

Wilf alimtania baani mbele ya watu. “Mke wangu huwaomba wadudu kibali cha mimi kuishi,” alisema.

“Nyamaza, mzee wewe, kunywa bia yako,” Nora alimjibu.

Lakini bintiye, Janet, anakumbuka majira ya baridi ambayo mama yake alilazwa kitandani na homa. “Ilipofika saa sita mchana, mikono ya Baba ilikuwa baridi mpaka kwenye viwiko,” ameniambia. “Alikuwa anaongea nami, anatabasamu, na mikono baridi kama ya maiti. Mama akatambaa kwa magoti mpaka kwenye mizinga bustanini.” Mimi mwenyewe niliposikia hayo niliogopa, sifichi.

Jumanne hii Nora alipokata roho, Janet alichukua ufunguo. Baba yake akamwita kutoka dirishani.

“Unakwenda kuwaambia nini?”

“Kwamba Mama amefariki. Na kwamba wewe upo.”

“La kwanza waambie. La pili liache.”

“Baba, usinifanyie hivyo!”

“Janet, mwanangu, mama yako ndiye aliyetaka nibaki, nami nikabaki. Sasa ninabaki na nani?”

Janet aligonga. Alimtaja mama yake. Alisimama pale muda mrefu, mdomo wazi, nyuki wakisubiri. Kisha akarudi ndani kumchemshia baba yake chai, nao wakakaa pamoja mchana kutwa wakishikana mikono, Janet akisikia ubaridi unavyopanda mikononi mwa baba yake.

Wasikilizaji wapendwa, kama kuna mtu mnayetaka abaki, mtajeni leo kwa sauti, hata kama yuko chumba cha pili na anawaudhi.

Rambirambi zetu zimfikie Janet Alderson. Amefiwa na mama yake Jumanne asubuhi. Amefiwa na baba yake Jumanne jioni.