Kofia Isiyojua Paji la Uso

Fungeni mlango, mkae. Harjit, wewe kaa hapo dirishani nikuone uso. Winifrida, mwanangu, vuta hicho kiti uje karibu na mto, maana sauti yangu haifiki mbali tena na leo sitaki kurudia neno. Simu zizimeni. Mama Maureen, yule mteja wetu, amesema atakuja mchana huu, na asipopata jibu hapa atakwenda polisi, kwa hiyo haya ninayowausia si ya kuwekwa mpaka siku mtakaporudi kutoka kuuchoma mwili wangu. Ni ya kutendwa leo, kabla sijafumba macho.

Nitasema Kiswahili. Kipunjabi Wini hakijui, na Kiingereza kwangu kimebaki lugha ya kujazia fomu. Wewe Harjit umezaliwa hapa Hounslow, umenijibu kwa Kiingereza tangu ulipoota meno, lakini usijifanye hunielewi, maana utotoni kila nilipomteta mtu na Telesphor kwa Kiswahili, wewe ndiye uliyekwenda kumwambia mwenyewe.

Nianze na mali, asije mtu akasema mzee alikufa na hasira akagawa ovyo. Nyumba hii ni ya Harjit. Cherehani ya baba yangu, ile iliyovuka na sisi kutoka Moshi, ni ya Harjit. Duka la Wembley ni lenu wote wawili, nusu kwa nusu, kama tulivyopatana mimi na marehemu Telesphor, baba yako Wini, siku ambayo hatukuwa na duka wala meza. Yeye alikuwa akisafisha ndege pale uwanjani, mimi nilikuwa nikipunguza suruali za wafanyakazi wa uwanja huo huo, ndipo Mwingereza mmoja mtu mzima akaniletea kofia ya ofisa wa Kijerumani, ya ile vita ya pili, bitana yake imechanika, akaniuliza kama naweza kuishona. Niliishona. Kisha akaleta nyingine, na rafiki zake wakaleta zao, na kati ya hizo nikaona nyingine ni za vita kweli na nyingine zimetengenezwa juzi na wajanja wa kuuzia wajinga. Hapo ndipo kazi yetu ilipoanzia, si kuuza kofia, bali kusema ipi ni ipi.

Na mlijue hili, kwa kuwa watawauliza. Waliovaa kofia hizo walitenda uovu mkubwa, na sikuwahi kumtukuza hata mmoja wao. Mtu akiingia dukani akaichukua kofia yenye nembo ya tai, yule ndege wa jeshi lao, akaivaa, akajitazama kwenye kioo na kutabasamu, mnyang'anyeni, mumwonyeshe mlango, hata kama ameshika pesa mkononi. Lakini yule anayetaka kujua ukweli wa kitu ambacho baba yake alirudi nacho kutoka vitani, huyo mpeni kiti. Mama Maureen alikuwa wa namna hiyo. Baba yake aliichukua kofia ile kwa ofisa aliyetekwa, akaificha kabatini pale Kilburn maisha yake yote, na haikuwa ya kuuzwa. Alituletea tuitengeneze bitana tu, ampe mjukuu wake na kumweleza ilikotoka.

Ikamrudia kofia nyingine, si ile.

Sogeza mpira huu wa kunipa hewa puani, Wini, unanibana sikio. Hivyo. Asante.

Yule mama hajui uzi wala bitana. Aliinusa tu, akasema hii hainuki kabati la baba yangu, akaiacha kaunta. Basi. Na Wini ndiye aliyeipokea kwa mikono yake, Wini ndiye aliyeirudisha, kwa hiyo dunia nzima inamtazama Wini. Na wewe Harjit ulikuja hapa kitandani kwangu, ukakaa hapo hapo ulipokaa sasa, ukaniambia kwamba inakuuma lakini Winifrida ameibadilisha, na kwamba heshima ya duka inataka aondoke kabla mimi sijaondoka. Na Wini? Alikuja jana, akanikanda miguu, akalia kimya kimya akidhani nimelala. Sikuwa nimelala, mama. Nilikuwa nasubiri uniletee hiyo kofia, na ukaileta.

Nipeni. Iko chini ya shali.

Mnaniona sasa nafanyaje. Siivai, sijawahi kuvaa kofia tangu nizaliwe, nimefunga kilemba, na nitachomwa nacho. Wenzangu wa biashara hii huivaa kofia kwanza, wanajitazama, wanatoa hukumu. Mimi naingiza ngumi ndani, naigeuza, nanusa, napitisha kidole gumba kwenye ule ukanda wa ngozi wa ndani unaogusa kichwa. Baba yako, Wini, ndiye aliyenifundisha ukanda. Mchaga yule alilala na kofia, nusura abatizwe nayo. Siku moja nilimvua nikaiangalia ndani, nikaona ngozi imekuwa nyeusi na laini mbele, pale paji la uso linapotoa jasho, na nyuma imebaki karibu mpya. Na ukingo wa mbele umeng'aa upande mmoja tu, pale vidole vyake vilipokuwa vikiishika kumwamkia mtu. Nikamwambia Telesphor, kumbe kofia inamjua mwenyewe. Akacheka, akaninyang'anya, akaivaa. Tangu hapo nimeshika kofia nyingi mno, na palepale kwenye paji la uso ndipo wongo wa wengi ulipofia.

Haya, shika hapa, Harjit. Shika, nimesema. Pitisha kidole. Unaona? Imechakaa vizuri, imepakwa mafuta, imesuguliwa kwa msasa mwembamba, kazi ya mtu mwenye subira. Lakini imechakaa pande zote sawasawa. Mbele, nyuma, kulia, kushoto, sawa. Hakuna kichwa cha binadamu kinachotoa jasho hivyo. Hii kofia ilikuwa ya tarishi wa posta, ya baada ya vita, ikabandikwa tai na kuzeeshwa na mtu ambaye hajawahi kuvaa kofia hata siku moja, wala hajalala nyumba moja na mtu anayevaa. Wini amelelewa na Telesphor. Wini asingekosea hapo hata kwa giza. Hilo ni kosa la mtu wa kilemba.

Hapana, usiseme. Najua kilemba kimejaa Southall na Hounslow nzima, najua unataka kuniambia hivyo. Kaa.

Hiyo ni kengele. Acheni ilie. Bhavna wa jirani yuko chini, nimemwomba amfungulie yule mama na ampe chai. Wini, usinyanyuke. Mikono yako iweke hapa juu ya blanketi. Harjit, nimekwambia kaa.

Sasa nitamaliza, na nitasema polepole kwa sababu hewa inakuwa kidogo. Wewe ulizaliwa na mashoto. Bibi yako alitaka kukufunga mkono huo kwa kitambaa ujifunze kutumia wa kulia, alisema mkono wa kushoto haupokei baraka, na mimi nikagombana na mama yangu mzazi kwa ajili ya mkono huo, mara yangu ya kwanza na ya mwisho kumpandishia sauti. Nilipokufundisha kushona sikuweza kukukalisha ubavuni kama nilivyomkalisha Wini. Nilikukalisha mbele yangu, magoti yetu yakigusana, ili unione kama mtu aonavyo kwenye kioo, nikivuta sindano kulia wewe uvute kushoto. Tulikaa hivyo majira ya baridi mengi, na ulikuwa mtoto mzuri, ulikuwa unatoa ulimi ukishona. Na mishono yako ikawa mizuri kuliko yangu. Ila inalala upande wa pili. Yangu na ya Wini inainamia huku, yako inainamia kule.

Tazama ukanda huu ulivyoshonewa, Harjit. Tazama mishono inalala wapi.

Taa ya zambarau, ile inayong'arisha nyuzi za kisasa gizani, ingenionyesha kwamba uzi ni mpya, lakini uzi mpya kila mtu anao. Mkono huu anao mmoja tu. Nimeukumbatia huu mkono, nimeupigania, nimeujua kwa kidole changu hata macho yakiwa yamekwisha. Niliposhika mshono ule jana moyo wangu uliuma kuliko ugonjwa wote huu ulivyouma, nakwambia kweli. Nilitamani niwe nimekufa juzi.

Na ninajua ulikoanzia uchungu wako. Siku nilipompa Wini ile taa mbele ya wateja nikasema kuanzia leo huyu ndiye atakayehukumu, uliinamisha kichwa, ukaondoka bila kula. Ulidhani mtoto wa rafiki nimempa kikubwa na wewe wa damu nimekupa sindano. Harjit, mwanangu, taa niliinunua sokoni. Sindano nilipewa na baba yangu, naye na baba yake aliyeshona nguo za wafanyakazi wa reli tangu siku za Mwingereza. Nilikupa kile nilichopewa. Sikuwa na kikubwa zaidi ya hicho.

Nyamazeni kidogo. Ndege ile ipite.

Sasa ninakuuliza jambo moja na sitaki jibu kwa lugha yoyote. Kofia ya baba yake Mama Maureen, ile ya kweli. Kama umeshaiuza, nyanyua mkono. Kama bado iko nawe, iache mikono yako hapo magotini.

Wini, mtazame, mimi macho yana ukungu. Hajanyanyua?

Hajanyanyua. Mungu akubariki. Mungu akubariki, mwanangu, nilikuwa naogopa hilo kuliko kufa.

Basi sikiliza ninayoagiza. Utakwenda garini kwako, maana najua iko huko, unaficha vitu garini tangu ukiwa kijana. Utaichukua, utaingia nayo sebuleni, utaweka zote mbili mbele ya yule mama, hii na ile. Utamwambia kwa mdomo wako ni nani aliyebadilisha. Hutasema ni kosa la duka, hutasema tumechanganya, hutasema baba yangu mgonjwa. Kisha utachukua mkasi wangu huu, utaufumua ule ukanda wa wongo mbele yake, mshono kwa mshono, mpaka uzi wako wote utoke, ili kofia hii isije ikamdanganya mtu mwingine ukiwa wewe hupo. Kama ataita polisi, aite. Utakaa umsubiri. Na Wini utamwomba radhi hapo hapo, mbele ya mgeni, kwa sababu ulimtia aibu mbele ya mgeni.

Wewe, Wini, hutashuka naye. Najua wewe, utamsaidia maneno. Mwache.

Na usiposhuka, Harjit, sitakulazimisha, sina nguvu ya kumlazimisha hata paka. Nitamwomba Bhavna ampandishe yule mama hapa, na nitamwambia mwenyewe. Lakini hewa niliyobaki nayo ni ya maneno machache, na haya yatakuwa ya mwisho, na ya mwisho yatakuwa ya kumshtaki mtoto wangu. Usinifanyie hivyo. Nakuomba. Nimekuomba vitu vichache sana maishani.

Lete mkono. Si huo. Wa kushoto.

Waheguru, Mungu wetu, akulinde kwenye huu mkono. Ushone ya kweli. Nusu yako ya duka iko pale pale, sijaigusa, na nusu ya Wini iko pale pale, na mtakaa kaunta moja, yeye na taa, wewe na sindano, hata kama mwaka mzima hamtasemezana. Mtakuja kusemezana. Mimi na baba yake tulinuniana mara ngapi, na tulikula chakula kimoja.

Nenda. Chukua mkasi. Usinitazame hivyo, nenda.

Wini. Wini, mama, Mungu wa baba yako awe nawe, uzae, uzeeke, usimwekee huyu kinyongo zaidi ya anachostahili. Mkipata mteja ana hadithi ndefu, wekeni hadithi pembeni, shikeni kofia kwanza. Nilitaka kusema na jingine... limeniponyoka. Si kitu.

Mlango wa nje umelia? Ameenda garini, au ameondoka? Usichungulie. Nishike tu hapa, tusikilize. Mimi masikio bado... masikio bado mazuri.

Huo ni mlango tena. Amerudi. Hizo hatua ni zake, anakanyaga kama mama yake.

Wanasema nini? Sauti ya yule mama ni kali. Mwache aseme, ana haki. Sasa... sasa ni yeye. Harjit huyo. Kwa Kiingereza, sawa, kwa Kiingereza. Wini, amesema nini? Amesema ni yeye mwenyewe?

Amesema ni yeye.

Basi. Nikazie kilemba, mama, kimelegea huku nyuma. Wakipanda, wasinikute hivi.