Jina Lililokuwa Kazini Chini ya Barafu

Mheshimiwa mwakilishi wa manispaa, Bibi Mkurugenzi wa taasisi ya bahari, uliyengoja ukungu siku mbili kwenye kiwanja cha helikopta ili uje kuniaga, Katekista wetu Efraim, wavuvi wenzangu, akina mama mliooka keki kumi na saba, na wewe shemeji yangu Bibiane, ambaye ningekutaja wa kwanza kama itifaki ingekuwa na akili: nawasalimu nyote.

Nimeambiwa niseme kwa dakika tano juu ya miaka kumi na tisa ya kutunza vyombo vya kupimia bahari. Hilo ni jepesi. Kwa miaka kumi na tisa nimetoa vitu vya manjano ndani ya masanduku, nikavitia majini, kisha nikavitafuta. Shule ya kazi hii sikuiona. Nilisoma maandishi ya ubavuni mwa sanduku, na sanduku la kwanza nililisoma likiwa limepinduka.

Lakini kuna karatasi pale mezani, kando ya keki ya Juditha, na Bibi Mkurugenzi ameisafirisha kutoka Nuuk, mji wetu mkuu, ili niitie sahihi kabla sijaondoka kazini. Amenikumbusha kwa barua nne. Barua zote nilizijibu kwa kueleza hali ya hewa. Leo nina deni la maelezo bora zaidi.

Karatasi hiyo inahusu chombo kimoja. Kina urefu wa mtu, hakina injini wala kamba, na hakuna anayekiongoza. Kinazama chenyewe mpaka mita mia nne, kinapima joto la maji na chumvi yake, na kila siku ya kumi kinaibuka, kinatuma habari angani, zinashukia kwenye kompyuta iliyo jikoni kwangu, kisha kinarudi chini. Hori letu likifungwa na barafu, kinajua. Hukaa kimya huko chini, kimeshika habari zake zote, na mwezi wa tano barafu ikiondoka huzimwaga kwa mkupuo kama mwindaji aliyerudi nyumbani. Ndicho kilichotuambia kwamba maji ya vuguvugu yameingia chini ya hori, tukashusha kamba zetu zaidi. Ninyi mnaotafuna samaki mkavu wa halibati hapo nyuma, mnadhani mlimpata kwa ustadi wenu?

Chombo hicho kilipofika, kiangazi cha miaka mitatu iliyopita, taasisi iliandika: kipeni jina. Miezi michache kabla, barafu ya mwezi wa tatu ilikuwa imemchukua Malakias, yeye na sleji yake ya kuteleza barafuni na mbwa kumi na mmoja walioivuta, na hatukupata hata mjeledi. Nilikuwa nimewinda naye miaka ishirini na sita. Ni siku ile moja tu nilipobaki nyumbani, kwa sababu ya jino lililoniuma. Basi nikachukua kalamu nzito, nikaandika ubavuni mwa chombo: MALAKIAS. Nilidhani nafanya kama watu wanavyofanya kwa mashua.

Bibi Mkurugenzi, pengine kule kwenu watu ni wengi na majina hayakosi pa kulala. Hapa, mtu akifa jina lake hungoja mtoto. Mtoto akilipokea, aliyekwenda amerudi. Mjane humwita mtoto huyo “mume wangu”, na wazee humuuliza mtoto wa miezi mitatu alikoficha nyundo. Mwaka ule hakuzaliwa mtoto kijijini. Nami, mtu mzima niliyebatizwa, nikaliweka jina hilo kwenye bomba.

Bibiane alikuja kesho yake.

“Shemeji, nasikia umemtia mume wangu kwenye bomba.”

“Ni jina tu, shemeji.”

“Jina tu ndilo lililobaki,” akasema, akavuta kiti. “Yuko wapi sasa hivi?”

Nikamwonyesha kwenye ramani. Tangu hapo, kila siku ya kumi alikuja na birika lake la kahawa, kwa sababu kahawa yangu, anasema, ina ladha ya mafuta ya mashine.

“Amesemaje leo?”

“Mita mia nne, digrii moja na nusu.”

“Naye alivyoichukia baridi. Amevaa nini?”

“Alumini.”

“Itamkwaruza shingo.”

Siku moja alicheka mpaka akafuta macho. “Miaka thelathini na mmoja nilimuuliza unakwenda wapi, akanijibu: nje. Sasa ananieleza mpaka nukta za desimali.”

Mwaka jana akazaliwa mtoto nyumba ya pili kutoka kanisani. Wazazi wakamwendea Bibiane juu ya jina. “Bado,” akawaambia. “Liko kazini.” Mtoto akapewa jina jingine, na hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya kwa kalamu ile.

Mwaka huu barafu iliondoka tarehe kumi na nne ya mwezi wa tano. Nikakaa mbele ya kompyuta. Hakuna kitu. Bibiane akaja na birika. “Amesemaje?” Ndugu zangu, ningesema nini? Nikasema, “Digrii moja na nusu.” Baada ya siku kumi akaja tena, nikasema digrii moja na nusu. Mara ya tatu vilevile. Bibi Mkurugenzi, tulia: uongo huo uliishia jikoni, kwenye vitabu vyako haukuingia.

Mara ya tatu Bibiane aliweka kikombe chini. “Severin, mume wangu hakuwahi kusema jambo moja mara tatu. Hata uongo wake aliubadilisha.”

“Umejua tangu lini?”

“Tangu mara ya kwanza. Uliniambia huku unatazama sufuria.”

“Sasa mbona umeendelea kuja?”

Akanitazama kama mtu anavyomtazama mbwa mzee aliyejifunga mwenyewe kwa kamba. “Wewe unadhani nilikuwa nakuja kwa ajili yangu?”

Nimepima bahari hii miaka kumi na tisa, na sikuwa nimeona kina hicho.

Wiki mbili zilizopita, Nivikka wetu alijifungua. Mtoto ana kilo tatu na nusu, na ni msichana, jambo ambalo halijawahi kulizuia jina lolote kijijini hapa. Kesho Jumapili Efraim atambatiza. Nivikka alimwendea Bibiane kuomba jina, na Bibiane akamjibu: “Muulizeni Severin. Mimi nilishamwachia zamani. Yeye ndiye bado anamshikilia.”

Mnaona, basi, kwa nini barua nne zilijibiwa kwa hali ya hewa. Karatasi hii ina neno moja la kutiwa alama: Kimepotea. Nimeisoma pande zote mbili, na hata kwa kuipindua, kama lile sanduku. Nilikuwa nikiamka, naosha uso, nafungua kompyuta kabla ya kuvaa soksi. Sikuwa nangoja joto wala chumvi. Nilingoja aniulize jino langu linaendeleaje.

Nimeleta kalamu yangu mwenyewe. Ni ileile nzito. Niliona iliyofunga ndiyo ifungue. Bibi Mkurugenzi, sogeza keki kidogo. Naam. Neno ni hili, na sahihi yangu ni hii.

Nivikka, jina uliloliomba lipo. Limetoka kazini.

Namshukuru Mkurugenzi aliyeniamini na vyombo vya thamani bila kuniuliza cheti. Nawashukuru wavuvi mliokwepesha kamba zenu, na hata wale wawili ambao hamkukwepesha, mnajijua. Namshukuru Bibiane kwa kahawa ya miaka mitatu, na baada ya siku kumi birika liende kwa Nivikka, nami nitalifuata kwa miguu.

Leo sina ripoti ya kuwasomea. Ila hiyo sauti mnayoisikia hapo nyuma karibu na mlango, msigeuke kumnyamazisha mtoto. Huyo ni Malakias. Anasema kuna baridi. Hebu mtu afunge mlango.

Mmenipa masikio yenu kwa muda mrefu kuliko nilivyoahidi. Asanteni sana.