Msusi Ambaye Hakuumwa

Wiki chache kabla ya msiba huu, saluni walikuwepo marehemu mwenyewe, mdogo wake, binti yake aliyekuwa akinyonyesha kwenye kona, muuguzi jirani aliyekuja na mashine ya kupimia presha, na bibi harusi mtarajiwa ambaye kichwa chake kilikuwa kimesukwa nusu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1974, mtoto wa kwanza wa fundi viatu, akamaliza darasa la saba mwaka 1988, kisha akawa anasuka watu kwenye baraza ya nyumba yao, mpaka mwaka 1995 alipofungua saluni yake yenye viti viwili. Mwaka 1997 alifunga ndoa na fundi bomba, wakajaliwa binti na wavulana pacha.

Vidole vyake vilikuwa vya huruma. Alipogusa uvimbe nyuma ya sikio la muuza maziwa alimwambia, "Shoga, hiki si kipele," akafunga saluni, akaenda naye hospitali, na muuza maziwa yuko hapa leo, mzima. Ndiye aliyemkokota mdogo wake, aliyekuwa akilalamika kuumwa kichwa kila asubuhi, akapimwe presha, na tangu hapo hakuacha kumpigia simu kumuuliza, "Umemeza dawa?"

Yeye hata mafua yalimpita kando, kwa hiyo hofu yetu yote ilikuwa kwa mdogo wake. Siku ile saluni, muuguzi alipomaliza kumpima mdogo wake akamgeukia yeye, marehemu alicheka.

"Nikiachia nywele hizi, mwenzenu ataingia ukumbini kama kuku aliyenyeshewa."

"Pima tu, Da, nitasubiri," bibi harusi akasema.

"Usinitafutie ugonjwa, mwanangu, mimi siumwi."

Muuguzi akafungasha mashine yake, akasema atapita tena. Mdogo wake alitamani kumshika mkono kwa nguvu, lakini aliona haya, mgonjwa kumhimiza mzima akapimwe.

Asubuhi ya tarehe 6 Juni, marehemu akianika taulo za saluni, moja ilimdondoka, akainama kuiokota, mkono ukakataa, na alipomwita binti yake maneno yalitoka yamekatika. Daktari alisema mshipa ulipasuka kichwani, kwa presha ambayo huenda aliishi nayo miaka mingi bila dalili. Alifariki tarehe 9 Juni, mdogo wake akiwa ameushika mkono ule uliokufa ganzi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kufagia bila kuombwa, dereva wa bajaji aliyepiga honi njia nzima, wasusi wenzake waliofunga saluni zao, na bibi harusi, aliyekuja wodini akamfumua nywele taratibu ili madaktari wamchunguze kichwa.

Lala salama, dada yetu, ulisimama sana kwa ajili ya wengine.

Jana jioni, hapa msibani, wanawake wa familia walipimwa presha, na ya binti wa marehemu, ambaye haumwi popote, ilikutwa iko juu.