Mwalimu Nakhungu, Ambaye Mkono Wake Haukugeuka Jiwe

Mwalimu Metrine Nakhungu Wekoye alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Machi 1985, katika shamba ambalo baba yetu, Mzee Wekoye, alikuwa amenunua upande wa mlimani, nje ya Kitale. Alikuwa kifungua mimba. Alifuatwa na kaka yetu Wanyonyi, kisha mimi, Phelista Nangila, kitinda mimba, ninayewasomea. Aprili 1992, wakati wa vita vya mashamba, nyumba yetu ya huko ilichomwa na watu walioshuka kutoka juu, na familia ikakimbilia hapa Naitiri. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini nilikua nikijua kila kitu kilichoungua, mpaka sufuria. Kwamba juma lililofuata vijana wa upande wetu walipanda wakachoma pia, hilo nililisikia nikiwa mtu mzima, tena kutoka kwa marehemu.

Alisoma shule ya msingi hapa Naitiri akafanya mtihani mwaka 1999, kisha akajiunga na shule ya upili ya wasichana huko Bungoma, akamaliza 2003. Alikuwa mtu wa hadithi tangu utotoni. Jioni akitusongea ugali alikuwa anatusimulia habari za ng'ombe waliosema na jiwe lililolia, na akifika pale pazuri ananyamaza, anapakua. Wanyonyi alilia siku moja akakataa kula mpaka aambiwe kama ng'ombe alipona. Mama alimchapa Metrine kwa mwiko, halafu yeye mwenyewe akauliza, "Kwani alipona?"

Baada ya chuo cha ualimu aliajiriwa mwaka 2008 katika shule moja karibu na Kiminini. Ni hapo alipokutana na kijana aliyekuwa akileta maziwa kutoka mlimani kwa pikapu, jina lake Kipkirui Chesang, mtu wa hao wa juu. Dada yangu aliniambia mimi peke yangu kwamba wanapendana, likizo ya Agosti 2009. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Aliniapisha nisiseme. Siku ya tatu nikamwambia baba. Sikupewa chochote na sikutishwa na mtu. Nilifikiri ninaokoa nyumba isichomwe mara ya pili. Baba alimwita hapa uani, sote tukiwepo, akamwambia, "Siku utavuka kwa hao watu, usirudishwe hapa hata kwa sanduku." Metrine aliinama akasema, "Nimesikia, baba." Tukajua yameisha, naye hakuniuliza ni nani aliyesema.

Mwaka 2013 alihamishiwa shule iliyo ng'ambo ya Kitale. Kuanzia 2016 alianza kuandika ile hadithi ambayo wengi wenu mlioko hapa mliisoma kwenye simu. Kila Jumamosi alishuka Kiminini, kwenye duka langu la kuchapisha, na daftari lenye sura mpya. Mimi nilichapa, nikaituma kwenye kundi la WhatsApp, na watu kutoka Kitale mpaka Bumula wakaanza kugombana nani ana makosa. Kwa wasiojua, ni hadithi ya mataifa mawili ya mlima mmoja. Wa Juu waliweza kuita ukungu, Wa Chini walielewa lugha ya ng'ombe, na wazee wa pande zote mbili walifundisha kwamba mtu wa Juu akigusana na mtu wa Chini, mikono ya wote wawili itageuka jiwe. Sitawa, binti wa mfalme wa Chini, anakutana mtoni na Kimoi, mpiganaji wa Juu aliyetumwa kumuua. Wanapigana. Katika kupigana wanashikana mikono, na hakuna kinachotokea. Mikono ni mikono tu, ina jasho. Hapo ndipo wanapojua kwamba wamedanganywa maisha yao yote.

Katika hadithi hiyo yuko mdogo wake Sitawa anayekwenda kumwambia mfalme. Nilipochapa sura hiyo nilikasirika. Nikamwambia, "Dada, huyu msichana ni nyoka. Mbona hujamuua? Hata jiwe tu limwangukie." Alicheka mpaka akapangusa macho. "Nikimuua huyo," akasema, "hiyo kazi nani atanifanyia?" Nilidhani ni kichaa cha watu wa hadithi, nikaendelea kuchapa.

Figo zake zilianza kushindwa Januari mwaka huu. Alikuwa akisafishwa damu Kitale mara mbili kwa juma, na alituomba twende kumwona Jumamosi tu, ati siku nyingine anachoka. Jumanne, tarehe 3 Juni, nilikuwa na shughuli mjini nikapitia hospitalini bila kumwambia. Nilikuta mwanamume ameketi kitandani kwake akimnywesha uji, na mama mzee anamkanda miguu. Nikamuuliza muuguzi hao ni kina nani. "Huyo si ndiye mzee wake," akanijibu. "Na huyo ni mama mkwe. Wewe ni nani?"

Metrine aligeuza kichwa akaniona. Hakushtuka. Alisema, "Sasa umejua, Phelista. Utaenda kusema tena?"

Neno hilo la mwisho ndilo lililonikalisha chini. Alijua tangu 2009. Alijua Jumamosi zote hizo nilizomchemshia chai na kumwita rafiki yangu wa pekee. Nilikuwa na uchungu na bado ninao, sitawaficha. Dada yangu alinikalisha miaka tisa nikichapa maisha yake mwenyewe, mto, ukungu na harusi ya siri, huku nikimsifu ati ana mawazo mengi. Majirani zake walijua. Walimu wenzake walijua. Mimi, damu yake, niliachwa mlangoni. Nilitoka wodini bila kuaga, nikamnunia juma zima. Ilinichukua juma hilo zima kukubali ni nani aliyeanza.

Sasa nafika kwenye aya ya ndoa. Kamati ya familia ilinipa karatasi iliyosema, "Marehemu hakujaliwa kuolewa." Kaka yetu Wanyonyi, mwenyekiti, alikuja dukani kuhakikisha. Aliniambia, "Si ni sentensi moja tu, Phelista. Mzee amekubali azikwe hapa kama msichana wa boma. Ukiandika ingine ataturudisha na mwili. Andika, tuzike, tumalize."

"Na bwana yake?"

"Akae huko nyuma na watu wengine, bana. Si tumemruhusu kuja?"

Nilimchapia nakala hiyo moja, akaisoma, akaridhika, akaenda. Nyingine mia tatu mlizoshika ni hizi.

Mwalimu Nakhungu alifunga ndoa na Bwana Kipkirui Chesang siku ya Ijumaa, tarehe 5 Desemba 2014, mjini Kitale. Hapakuwa na mtu wa kwetu. Bwana Chesang alituma wazee wake hapa Februari iliyofuata, na Wanyonyi akawarudisha langoni bila kumwambia baba. Hilo Wanyonyi mwenyewe amekiri kwangu juma hili. Waliishi pamoja karibu miaka kumi na moja na hawakujaliwa mtoto.

Alilala Alhamisi, tarehe 11 Septemba 2025, saa nane mchana, mumewe akiwa kando. Aliomba alazwe karibu na mama yetu, aliyetangulia 2011. Mume wake angeweza kwenda kortini kudai mwili, na angeshinda. Badala yake alimleta yeye mwenyewe mpaka langoni, akasimama nje kama alivyoambiwa.

Marehemu ameacha mume, Kipkirui Chesang, mama mkwe, Jerono, baba, Mzee Wekoye, kaka, Wanyonyi, wanafunzi wengi, wasomaji wanaongoja sura ya mwisho, ambayo hakuiandika, na mdogo wake, aliyemsaliti na ambaye hakuadhibiwa.

Baba, nimekukosea heshima mbele ya watu, na fimbo yako nitaipokea. Ulisema asirudishwe hata kwa sanduku. Amerudi, na sanduku ni hilo, na shimo limeshachimbwa. Ukitaka tulifukie tupu, sema sasa. Lakini juzi mochari ni mimi niliyemvika nguo, na nilitazama mikono yake yote miwili kwa muda mrefu. Ilikuwa mikono ya mtu.

Shemeji Kipkirui, toka huko nyuma uje mbele, upande wa familia. Baba, simama umpe mkono. Kisha mwende pamoja mkamshushe mtoto wako, ili naye apumzike kwa amani.