Wasifu wa Bi Taratibu, Aliyeunganisha Zamu Mbili za Kiwanda cha Magodoro

Marehemu aliitwa Dada nyumbani na Bi Taratibu kazini. Alizaliwa Jumapili tarehe 14 Aprili 1963, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa pili kati ya watano. Baba yake alikuwa fundi wa mabehewa na mama yake mshonaji. Alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo kama mkate, na bibi yake akasema huyu amekuja mbio. Familia ilicheka kwa miaka mingi, kwa sababu baada ya hapo hakuna mtu aliyewahi kumwona akikimbilia kitu chochote.

Alianza shule ya msingi mwaka 1970. Darasa la tano hesabu zilimshinda, akarudia, na hivyo akajikuta dawati moja na mdogo wake wa kike, ambaye ndiye anayesoma maneno haya. Mwaka mzima waligombania nusu ya dawati, wakachora mstari wa chaki katikati. Mwisho wa mwaka Dada alishika nafasi ya tatu na mdogo wake ya kumi na tisa. Hakumcheka. Alisema tu, "Mwakani nipishe kidogo nami nitakuonyesha." Alimaliza sekondari mwaka 1981, kisha akasomea kazi za ofisi kwa miaka miwili.

Tarehe 3 Januari 1984 aliajiriwa kama mpiga chapa katika kiwanda cha magodoro ya sponji. Akapanda ngazi moja moja hadi kuwa mkuu wa utumishi. Alijua nani ana mgonjwa nyumbani, nani hapatani na nani, na nani asipangwe karibu na gundi kwa sababu ya kifua. Mtu akiingia ofisini mwake anafoka, alimvutia kiti na kumwambia, "Taratibu, baba. Anza mwanzo." Jina likatokea hapo.

Ndoa nayo ilitokea kiwandani. Mwaka 1986 dirisha la ofisi lilivunjika, akaitwa fundi vioo. Fundi huyo alirudi mara tatu kuweka kioo kimoja, msimamizi akalalamika kwamba wameletewa mtu asiyejua kazi. Bi Taratibu alijua kwamba kazi anaijua sana. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Desemba 1987, wakajaliwa binti mmoja na mwana mmoja.

Tarehe 1 Februari 2013 kiwanda chao kilinunuliwa na kampuni kubwa zaidi, iliyokuwa na kiwanda cha magodoro upande wa pili wa mji. Wafanyakazi wa huko walihamishiwa kwao na mashine zao. Bi Taratibu alipewa barua ya kuongoza kazi ya kuwafanya watu wa pande mbili kuwa kitu kimoja, ndani ya miezi minne.

Hawakuwa kitu kimoja. Hawa walivaa ovaroli za kijani, wale za buluu. Hawa walikunywa chai saa nne, wale saa tano kasoro robo, na kila upande uliwaona wenzao kama wavivu waliokimbilia vikombe. Wa kijani walimwambia msimamizi waziwazi akikosea. Wa buluu walinyamaza, wakasemea chooni. Bi Taratibu alichukua kiti na daftari, akakaa wiki nzima katika kila kitengo, akiandika kila kitu wanachofanya tofauti. Mwezi Mei, kwenye mashine ya kukata sponji, aliandika jambo ambalo hakuna mtu mwingine aliyeliona. Kwa wa kijani, mkono ulioinuliwa ulimaanisha simamisha. Kwa wa buluu, mkono huohuo ulimaanisha tayari, washa.

Alikwenda kwa meneja mkuu, akaomba wiki mbili zaidi kabla ya kuchanganya zamu, ili wote wafundishwe ishara moja.

"Mama, hawa ni watu wazima," meneja alimjibu. "Watu wazima hawafundishwi kuinua mkono. Wenye kampuni wanakuja Jumatatu, wanataka kuona kijani na buluu kwenye mashine moja. Au niwaambie kazi imekushinda?"

Ijumaa tarehe 14 Juni aliweka sahihi kwenye ratiba ya zamu mpya. Hakuna aliyemshika mkono. Aliogopa kuonekana ameshindwa, na hilo alilisema mwenyewe mara nyingi.

Jumatatu tarehe 17 Juni, saa nne na robo asubuhi, kipande cha sponji kilikwama chini ya kisu cha mashine, nayo ikasimama. Mkataji wa kijani, aliyejulikana kama Baba Pacha, aliinama ndani kukitoa, akainua mkono. Mwendesha mashine, dada mmoja wa buluu aliyekuwa hodari kuliko wote upande wake, aliuona mkono vizuri kabisa. Akawasha.

Baba Pacha alifariki hospitalini Alhamisi tarehe 20. Kwenye maziko yake jeneza lilibebwa na kijani na buluu, wakipokezana bila mtu kuwapanga, kwa mara ya kwanza tangu kiwanda kinunuliwe. Wiki iliyofuata meneja aliandika kwenye taarifa yake kwamba umoja wa wafanyakazi umeanza kuimarika. Bi Taratibu alisoma sentensi hiyo, akaenda kulitoa daftari lake kabatini.

Taarifa ya ajali ilisema chanzo ni uzembe wa mkataji na wa mwendesha mashine. Mwendesha mashine angefukuzwa, na mambo yangeishia hapo. Bi Taratibu alitakiwa kuweka sahihi. Badala yake alikata ukurasa wa Mei kwenye daftari, akauambatanisha na ratiba yenye sahihi yake, akamwambia meneja kwamba vyote vinakwenda kwa mkaguzi wa kazi.

"Unajichimbia kaburi," meneja alimwambia.

"Kaburi limeshachimbwa, bosi. Mimi nimetoka huko Jumamosi."

Mkaguzi alivisoma, na mwendesha mashine akabaki kazini. Bi Taratibu alivuliwa cheo na kupelekwa stoo kupokea vitambaa, na huko alikaa hadi alipostaafu tarehe 30 Aprili 2020. Kabla ya kuhama aliwakusanya watu wa mashine. Kila upande uling'ang'ania ishara yake. Akawaambia, "Zote mbili zina damu. Tafuteni ya tatu." Walikubaliana kukunja mikono kifuani, na wakaifanyia mazoezi kila asubuhi kabla ya kuwasha chochote. Hakuna mtu mwingine aliyeumia kwenye mashine ile.

Alikwenda pia kwa mjane wa Baba Pacha, peke yake. Mama huyo alimwuliza akiwa bado mlangoni, "Wewe ndiye uliyeweka sahihi?"

"Ndiyo, ni mimi."

Mjane alimpisha mlangoni. "Basi kaa. Leo sina nguvu ya kukufukuza."

Alirudi kila tarehe 20 Juni. Mjane hakusema kwamba amesamehe, na marehemu hakumwomba aseme.

Mwezi Februari mwaka huu wa 2024 alianza kuumwa tumbo na kupungua mwili. Madaktari waligundua saratani ya kongosho, ikiwa imeshaenea. Mumewe alimwogesha na kumlisha kwa mikono ile ya kushika vioo. Mwendesha mashine alikuja kila Jumapili, akafua nguo zake, hakutaka kuambiwa asante. Mjane alikuja mara moja. Alikaa nusu saa, akanyoosha shuka, akaondoka.

Mwezi Julai marehemu alimwambia mdogo wake, "Najua wasifu utauandika wewe. Usinipambe. Andika niliweka sahihi."

"Na daftari je, Dada? Na mkaguzi?"

"Hayo andika ukipata nafasi."

Nafasi imepatikana. Alifariki Jumanne tarehe 6 Agosti 2024, saa tano asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja, mumewe akiwa ametoka kidogo kumletea maji.

Ameacha mume, binti ambaye ni muuguzi, mwana ambaye ni fundi umeme, wajukuu watatu, kaka mmoja, na mdogo wake wa kike aliyekaa naye dawati moja.

Mungu ampe pumziko ambalo yeye mwenyewe alijinyima kwa miaka kumi na moja.